Ajue Kama Imefika

Kijana anayejifunza kutengeneza mifumo ya mtandaoni mjini hufanya kazi kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa, mtandao haukatiki, na kila kitufe anakijua kwa sababu amekiweka yeye mwenyewe. Mfumo ukishakamilika, unakwenda kwa mtu asiye na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Namwandikia kijana huyo. Ili tusizungumzie "watumiaji" wasio na sura, nitamweka mtumiaji wetu mahali pamoja panapojulikana: kata ya Ngujini, kwenye milima ya Upare Kaskazini, wilaya ya Mwanga.

Milima ina mengi ya kuamua kuhusu mtandao. Mawimbi ya simu hayapenyi mlima. Ukiwa mgongoni mwa kilima simu inasoma vizuri. Ukishuka kidogo kuelekea mtoni, haisomi. Mtu anafungua fomu akiwa dukani, anajaza huku anatembea, na anapobonyeza "Tuma" yuko upande wa pili wa kilima. Mtengenezaji aliyeko Dar es Salaam anahesabu kukatika kwa mtandao kuwa ajali. Kwa watu wa huku ni sehemu ya njia ya kwenda nyumbani.

Tuchukue kazi moja. Upareni kuna ndiva, mabwawa ya kienyeji yanayokusanya maji ya mfereji usiku na kufunguliwa asubuhi ili yaende mashambani kwa zamu. Nyingi zilianzishwa na koo, na kamati zake hupanga zamu na kuitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mifereji. Katibu ana daftari lake. Tuseme kamati mojawapo imekuomba uitengenezee mfumo wa zamu na michango, kwa kuwa baadhi ya wenye mashamba wana watoto walioko mijini wanaowalipia, nao wanataka kuona kwamba fedha zimepokelewa na mzee amepata maji. Kamati hiyo ni ya mfano tu, lakini matatizo nitakayoyataja utakutana nayo yote.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, kaa na lile daftari ulisome. Jiulize linafanya nini vizuri. Katibu akishaandika jina, limeandikwa, na kila aliyesimama pale analiona. Akilifuta kwa mstari, alama ya kufuta inabaki. Hakuna muda wa katikati ambapo jina la mtu limo na halimo. Uhakika huo mfumo wa mtandaoni huupoteza kwa urahisi sana, na ndio ningependa uulinde katika kila uamuzi wako: saa yoyote mtumiaji ajue kazi aliyokwisha kuifanya iko wapi. Bado iko kwenye simu yake, iko njiani, imefika, au imekataliwa na kwa sababu gani.

Zamani kivinjari chenyewe kilikusaidia. Mtu alipobonyeza kitufe, ukurasa wote ulifutika na mwingine ukaja, hivyo alijua kuna jambo linaendelea. Februari 2005 Mmarekani Jesse James Garrett aliupa jina la Ajax utaratibu uliokuwa umeanza kuenea, wa ukurasa kuzungumza na seva chinichini bila kujifuta. Google Maps, iliyotoka mwezi huohuo, iliwaonyesha watu wengi uzuri wake. Tangu hapo kurasa zimekuwa laini na za kupendeza, lakini jukumu la kusema "subiri, natuma" limetoka kwa kivinjari likakuangukia wewe. Usiposema, hakuna mwingine atakayesema. Mtu anabonyeza, kioo kimetulia vilevile, anabonyeza tena, na tena.

Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, katika kitabu chake cha 1993, alitoa vipimo vitatu vya muda ambavyo chimbuko lake ni utafiti wa Robert Miller wa 1968. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huona kitu kimetii mkono wake. Likichukua sekunde 1, anahisi kuchelewa lakini wazo lake halikatiki. Likipita sekunde 10, anageukia mambo mengine. Bondeni sekunde 10 hupita mara nyingi bila jibu lolote, kwa hiyo usingoje seva ndipo uongee. Kitufe kibadilike palepale kinapoguswa, kizimike na kuandika "Inatuma". Sekunde chache zikipita, toa sentensi kamili: "Mtandao ni mdogo. Ulichoandika kimehifadhiwa kwenye simu hii, kitatumwa mtandao ukirudi." Kile kiduara kinachozunguka, peke yake hakitoshi. Watu wamekizoea, wanasema "inazunguka tu", na kwao maana yake ni kwamba hakuna kinachofanyika.

Sentensi hiyo lazima iwe kweli. Vivinjari vya leo vina hifadhi ya ndani: localStorage kwa vitu vidogo, IndexedDB kwa vikubwa zaidi, na service worker inayoweza kuufungua ukurasa hata pasipo na mtandao. Hifadhi kila kisanduku mara mtu anapokimaliza, bila kumngoja abonyeze chochote. Simu ikizimika kwa chaji au akipigiwa katikati ya kazi, akirudi akute kila kitu kama alivyokiacha. Kitufe cha kurudi nyuma nacho kimrudishe hatua moja, kisimtupe mwanzo wa fomu. Hili la kurudi nyuma nimeliona likiharibiwa hata na mafundi wazuri.

Kuna ushauri unaopendwa na wabunifu wengi wa Ulaya na Marekani: mwonyeshe mtu mafanikio hapohapo, kisha utume nyuma ya pazia, kwa kuwa mara nyingi itafika tu. Kwa mtu anayeipenda picha ya rafiki yake, sawa. Kwa zamu ya maji siukubali hata kidogo. Mzee akioneshwa "Zamu yako imewekwa" wakati ujumbe umekwama kwenye simu, atakwenda ndivani alfajiri na kumkuta mwenzake ameshafungua. Ugomvi utakaozuka hautamkuta mtengenezaji. Andika "Inasubiri kutumwa" kwa rangi moja na alama moja, na "Imefika kwa kamati" kwa rangi na alama nyingine, na hili la pili lionekane tu baada ya seva kuthibitisha.

Kwenye fedha hatari huongezeka. Binti aliyeko Dar es Salaam anamlipia baba yake mchango wa shilingi 10,000. Ombi limefika, fedha zimepokelewa, lakini jibu limepotea likiwa njiani kurudi. Kwa macho ya binti, ombi halikufika, hivyo anatuma tena. Kumwandikia "Usibonyeze mara mbili" ni kumtwisha mzigo wako. Dawa inajulikana: fomu inapofunguliwa, simu itengeneze namba ya kipekee ya ombi hilo, na namba hiyo iambatane na kila jaribio. Seva ikiona namba iliyokwisha kuipokea, isitoze tena, irudishe jibu lilelile la mwanzo. Hapo binti anaweza kubonyeza hata mara kumi kwa wasiwasi, na mchango ukabaki mmoja.

Katika malipo kuna la kujifunza kwa mfumo wa malipo ya serikali ya Tanzania, ule wa kontroo namba. Mtu anapewa namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, basi. Anaweza kuiandika kwenye karatasi, kumtumia mwanawe kwa meseji, kuisoma kwa wakala au kuipeleka benki. Anayedaiwa na anayelipa si lazima wawe mtu mmoja, wala kutumia simu moja. Hivi ndivyo familia zetu zinavyolipa kweli: mama yuko Ngujini, mlipaji yuko Moshi au Muscat. Mfumo unaolazimisha mwenye akaunti alipe mwenyewe, kwa simu hiyohiyo, ndani ya dakika chache, umesahau watu unaowahudumia. Mpe kila mwanachama namba fupi ya deni lake inayoweza kusafiri.

Malipo yakikamilika, tuma meseji ya kawaida hata kama ukurasa umeshasema "Imepokelewa". Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo watu wamejifunza kwamba muamala uliokamilika una meseji yenye kiasi, jina na namba ya kumbukumbu. Meseji huhifadhiwa, huoneshwa kwa mtu anayebisha, husomwa hata kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Vitufe vyako navyo vitumie maneno ambayo mikono imeshayazoea huko: tuma, lipa, thibitisha, rudi.

Fomu yenyewe ndipo kazi kubwa ilipo. Anza na majina. Upareni majina ya mwisho mengi ni ya koo: Msuya, Mchomvu, Mfinanga, Mshana, Mbwambo. Ukiweka kisanduku cha kutafuta kwa jina la ukoo, katibu ataandika Mchomvu na kupata ukoo mzima. Orodha ioneshe majina matatu, kitongoji na shamba liko kwenye mfereji upi, na utafutaji ukubali lolote kati ya hayo. Namba ya simu ipokee 0754, 255754 na +255754 bila kulalamika, kwa kuwa zote ni kitu kimoja na kompyuta inaweza kuziweka sawa yenyewe. Barua pepe usiilazimishe. Ukiilazimisha, watu watabuni, au wote watajaza anwani ya kijana mmoja wa kijijini.

Kama huna sababu ya kutaka namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, usiitake. Ukiwa nayo, kumbuka ni tarakimu 20, na mtu anazinakili kutoka kwenye kitambulisho chenye mikwaruzo. Zigawe machoni pake kama zilivyo kwenye kadi, 8, 5, 5 na 2. Zipokee ziwe na vistari au zisiwe navyo, na mfungulie kibodi ya namba peke yake. Zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo usimwulize tena tarehe hiyo. Na pale unapoihitaji tarehe bila NIDA, achana na kalenda ya kubofya inayomrudisha bibi aliyezaliwa 1951 mwezi mmoja mmoja kutoka mwaka huu. Visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka vinamtosha.

Saa inahitaji uangalifu kuliko yote haya. Zamu ya kwanza ya maji ni saa 12 alfajiri. Hifadhidata itaiandika 06:00, na ukiichapa hivyohivyo kwenye kioo, wako watakaosoma saa 6, yaani mchana, jua likiwa kali na maji yameshakwisha. Kisanduku cha saa kinachokuja na kivinjari hufuata lugha na mpangilio wa simu, kwa hiyo watu wawili wataona maandishi tofauti kwa zamu ileile. Ndani ya hifadhidata weka utakavyo. Kwenye kioo andika "saa 12 alfajiri", "saa 4 asubuhi", "saa 9 alasiri", na kipindi cha siku kiwepo siku zote. Usiku nao una mtego wake: "usiku wa Jumanne" kwa huyu ni baada ya Jumatatu kuchwa, kwa yule ni baada ya Jumanne kuchwa. Wazee walishalitatua hili kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumatano". Andika hivyohivyo.

Sasa kuna mtumiaji ambaye michoro yetu mingi haimuoni: kijana wa steshenari. Mwombaji wa mkopo wa chuo, mtafuta ajira serikalini na mfanyabiashara anayetaka leseni, wengi wao hawajazi fomu za mtandaoni wenyewe. Wanakwenda steshenari, wanakaa kwenye kiti cha pembeni, kijana anauliza "Mama, jina la katikati?" naye anachapa. Mtumiaji wako ni watu wawili: mmoja ana habari, mwingine ana vidole, na kioo kinamtazama mwenye vidole. Kwenye ndiva itakuwa vivyo hivyo, mjukuu akimjazia babu.

Ukilikubali hili, mengi yanabadilika. Weka mwanzoni orodha fupi ya vitu vinavyohitajika, ili mama asipande gari kwenda Mwanga mjini na kugundua kwenye ukurasa wa nne kwamba alihitaji barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Kabla ya kutuma, leta ukurasa wa mwisho wenye kila alichojibu kwa herufi kubwa, ili kijana amsomee mama naye akubali au arekebishe. Meseji ya uthibitisho iende kwenye simu ya mama. Weka kitufe kinachoonekana wazi cha "Nimemaliza, futa taarifa zangu hapa", kwa sababu ile hifadhi ya ndani niliyoisifu juu ni hatari kwenye kompyuta ya wote. Ukurasa uulize mapema kama simu au kompyuta hii ni yako mwenyewe au ya watu wengi, na uhifadhi kulingana na jibu.

Neno la siri ni tatizo la namna hiyohiyo. Linaishia kwenye daftari la steshenari, pamoja na ya watu wengine wengi. Ni afadhali namba ya muda mfupi inayotumwa kwa meseji, na simu ya mwenye nayo ikiwa mbali, mfumo umruhusu kuhifadhi na kumalizia kesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai ukusanye tu unachokihitaji kwa lengo lililotajwa. Mtengenezaji anayeheshimu watu angefanya hivyo hata bila sheria.

Makosa yatatokea, na hapa lugha ni huruma. Ujumbe mwekundu wa Kiingereza unaosema kuna kitu si sahihi, bila kutaja kipi, humfanya mtu ajilaumu. Ujumbe ukae chini ya kisanduku chenye tatizo, useme kilichopo na cha kufanya: "Namba hii ina tarakimu 9. Namba ya simu huwa na 10 ikianza na 0. Tafadhali angalia tena." Usifute alichokwisha kuandika kwenye visanduku vingine. Na kosa likiwa la seva, sema ni letu, mwambie kazi yake imehifadhiwa, na mpe namba ya simu ya mtu anayepokea.

Kuhusu sura ya ukurasa nitasema machache. Simu inasomwa juani, kioo mara nyingine kina ufa, na kidole kina udongo. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki hapo. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Vitufe viwe vikubwa, Google inapendekeza dp 48 kwa kila upande, na "Futa" isikae jirani na "Tuma". Uzito wa ukurasa upime kwa hesabu: megabaiti 2 kwenye mtandao unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde ni sekunde 160, na bando lililoliwa si lako. Picha kubwa ya mlima juu ya ukurasa wa kwanza inapendeza kwenye wasilisho. Iondoe.

Kisha nenda ukapime na watu. Hesabu waliyoichapisha Nielsen na Thomas Landauer mwaka 1993 inaonyesha kwamba watu 5 wanatosha kuibua karibu asilimia 85 ya matatizo ya mfumo, kwa hiyo kukosa fedha za utafiti mkubwa si kisingizio. Lakini huku kuna adabu inayoficha ukweli. Utamwamkia mzee shikamoo, atakuitikia marahaba, atakukaribisha chai, na ukimuuliza mfumo ukoje atasema "Mzuri sana, mwanangu." Amekuheshimu wewe, mfumo hajausemea lolote. Usimwombe maoni. Mpe kazi: "Baba, angalia maji yako ni lini", kisha nyamaza utazame kidole. Mahali kinaposita juu ya kioo ndipo pa kurekebisha. Usitumie neno lililoandikwa kwenye kitufe unapoeleza kazi, utakuwa umempa jibu. Mkono wako ukae mbali na simu yake, hata ukiumia kumwona anahangaika. Wape zamu katibu, mama mwenye kitochi anayepokea meseji tu, kijana wa steshenari, na yule binti wa Dar es Salaam kwa simu. Rekebisha, urudi tena kwa watu wengine.

La mwisho ni karatasi, na nalisisitiza kwa sababu vijana huliona kama kurudi nyuma. Weka kitufe cha kuchapa orodha ya zamu ya wiki kwenye ukurasa mmoja wa A4, mweusi kwa mweupe, majina matatu, kitongoji, siku na saa kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Juu yake ijichape yenyewe siku na saa ilipotolewa, ili karatasi mbili zikitofautiana watu wajue ipi ni ya karibuni. Chini acha mistari mitupu mitano au sita, katibu aongeze kwa kalamu zamu zilizobadilishwa mtandao ukiwa haupo, na kwenye mfumo pawe na mahali pa kuziingiza baadaye pamoja na saa halisi zilipoandikwa.